Marehemu wa Kwenye Foleni

Mado, anayeuza mandazi ng'ambo ya njia, anaapa kwa jina la Bikira Maria kwamba aliona kwa macho yake. Anasema asubuhi ile maiti ya Mahamudu ilikuwa imelazwa barazani, shuka nyeupe, pamba puani, na ndugu zake wa Wamaza, kule Kabambare, wamekaa chini wanalia. Pikipiki moja ikaingia na gunia nyuma. Maiti ikasikia mlio, ikaketi, ikauliza, "Ule ni mchele?" Mado anasema hapo ndipo alipoanguka na beseni lake, mandazi yakaenda vumbini, na mpaka leo watu wa lupango lile, yaani ua wa Mahamudu, hawajamwambia hata pole.

Mandazi yalianguka, hilo ni kweli, na pole hakupewa. Lakini shuka haikuwepo, na pamba pia. Mahamudu alikuwa nyuma ya nyumba, mswaki mdomoni, anamgombeza mbuzi wa jirani. Kuhusu swali la mchele, Mado anasema kweli, hakuongeza hata neno.

*

Mahamudu ana depo mbili za kuuzia bidhaa na wake wawili. Subira yuko hapa Kasongo pamoja na depo ya sokoni. Latifa yuko Salamabila, kwa wachimba dhahabu, pamoja na depo ya betri, maharagwe na mabuti. Depo ya Salamabila ndiyo inayoilisha ile ya Kasongo, na Latifa anaiendesha peke yake tangu Mahamudu aanze kusema kwamba njia imeharibika. Njia hiyo imeharibika muda mrefu sasa. Wengine wote wanapita.

Mkwe wake Iliasi, mume wa binti yake Mwamvita, alisoma enformatiki Kindu akarudi na kompyuta ya mgongoni na bila nyumba. Yeye na Mwamvita wanakaa chumba cha uani kwa Mahamudu, na hakuna chakula kilichowahi kupita bila Mahamudu kukumbusha kwamba zamani mwanamume ndiye aliyemtoa mke kwao.

Wazo la Iliasi lilikuwa zuri, hata wabaya wake walikubali. Mtu akifa Kasongo, ndugu zake wa Kabambare husikia akiwa ameshazikwa, maana rezo ya kule, mtandao wa simu, inakuja na kwenda kama homa. Basi Iliasi angeandika programu mbili. Ya kwanza, hapa Kasongo, inachukua habari ya kilio na kuiweka kwenye foleni, ndani ya kompyuta za kampuni moja ya mbali ambazo watu huziita wingu. Ya pili, Salamabila, upande uleule wa Kabambare, kwa Théophile anayechajisha simu za wachimbaji, inagonga kwenye foleni ileile kila rezo ikirudi, inachukua habari na kuituma kama mesaji kwa ndugu wote wa marehemu. Rezo ikikatika, habari haipotei. Inakaa kwenye foleni, inangoja.

Akaunti ya wingu ilifunguliwa kwa jina la Mahamudu, kwa kuwa kadi ya benki ilikuwa yake. Kwa hiyo Mahamudu akavuta kiti, akakaa nyuma ya mgongo wa Iliasi, na hakuondoka tena.

"Hapa programu inaomba nini?" aliuliza.

"Inaomba anwani ya foleni, Baba, na jina lake. Halafu inaomba ufunguo, ili wingu lijue kama sisi si wezi."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ni huu."

Mahamudu aliinama, akautazama ule msururu wa herufi na tarakimu usio na mwisho. "Huu ni ufunguo ama kuna mutu amekalia mashini?"

"Ndivyo ulivyo. Na huu ni wa kuweka tu. Théophile nitamutengenezea mwingine, wa kuchukua."

"Mwingine?"

"Ndiyo namna inafanywa, Baba. Anayeweka na wake, anayechukua na wake."

Mahamudu akamgeukia Subira, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo karibu na mlango. "Subira. Depo yangu ya sokoni iko na funguo ngapi?"

"Moja," Subira alijibu bila kuinua kichwa.

"Na weye, muke wangu wa kwanza, umeshapata wa pili?"

"Sijapata."

"Umeona, Iliasi? Huyu amenizalia watoto na hajapata. Théophile amenizalia nini?"

Mwamvita alicheka, akajifanya anakohoa. Iliasi akajaribu tena. "Lakini Baba, ufunguo wa kuweka haufungui upande wa kuchukua. Ni kama lile sanduku la sadaka la musikiti. Kwenye tundu la juu kila mutu anatumbukiza. Nani ameshatoa noti kwa tundu lile?"

"Wapo," alisema Mahamudu. "Théophile atatumia huuhuu. Akimaliza anarudisha."

"Ufunguo wa kompyuta haurudishwi, Baba."

"Ndiyo maana ninyi vijana hamuna kitu."

Usiku Mwamvita alimwambia mumewe, "Ungekataa." Iliasi akasema, "Kataa weye, ni baba yako." Wakalala.

*

Kesho yake likaja suala la marehemu. Kujaribu programu ya vilio bila jina la mtu haiwezekani, na hakuna aliyekubali kuazima jina kwa kifo. Iliasi alitaka kuandika mtoto wa dada yake. Mwamvita akamwambia akiandika mtoto yeyote yule, atalala na ile kompyuta yake. Subira akakataza ndugu zake wote kwa mkupuo. Kuandika mtu aliyekufa zamani, hilo pia halikufaa: aliyepumzika haitwi.

"Andika mimi," alisema Mahamudu.

"Baba!"

"Mimi siogopi kifo cha kompyuta. Andika: Mahamudu, mufanyabiashara wa Kasongo, ametutoka." Akafikiri. "Weka 'mukubwa'. Mufanyabiashara mukubwa. Na majina ya kupelekewa, toa mu telefone yangu, yote."

"Kwa kujaribu yanatosha yangu mimi na ya Théophile."

"Unajaribu redio bila wasikilizaji?"

Iliasi akaingiza majina yote. Akabonyeza. Programu ikajibu kwamba habari imeingia kwenye foleni salama. Mahamudu akapiga makofi, akamwita Mado kutoka ng'ambo ya njia aje kuona. Mado akaja, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye mandazi yake.

Baadaye Théophile akapiga simu kutoka Salamabila. "Inakataa, ndugu. Inaandika kwamba sina ruhusa."

Iliasi alijua kwa nini. Alikuwa ameshasema. Lakini mtu anayekula sahani ya baba mkwe hasemi jambo mara mbili, kwa hiyo alisema, "Tutajaribu tena."

Wakajaribu tena. Na kila walipojaribu, Mahamudu aliona marehemu amepunjwa. Jaribio moja akaongeza "mwenye magari".

"Magari gani, Baba?" aliuliza Mwamvita.

"Andika. Mutu wa Wamaza atakuja kuhesabu?"

Ana pikipiki moja, na ile haina taa. Jaribio jingine akawa baba wa mayatima. Jingine tena, akafunga macho kama anayesoma dua, akasema, "Aliyependa wake zake sawasawa." Subira akapuliza makapi ya mchele, akapuliza kwa nguvu kuliko makapi yalivyohitaji.

Halafu kidole cha Mahamudu kikatua kwenye kioo. "Na mustari huu unasema nini?"

"Huu uko kwa programu ya Théophile. Akishapata habari, programu inajibu 'nimepata', na foleni inaifuta."

"Inafuta jina langu?"

"Inafuta ujumbe, Baba, usirudi tena."

"Ondoa. Sifutwi mpaka nijione mimi mwenyewe na macho."

Iliasi akauondoa. Alijua vizuri kwamba foleni isiyojibiwa haikasiriki. Inadhani hukusikia, inakuambia upya. Alijua pia kwamba chakula kilikuwa karibu kuiva.

*

Aliyechoka wa kwanza alikuwa Mwamvita. Alhamisi mchana, Mahamudu akiwa sokoni, alimkuta mumewe ameduwaa mbele ya kompyuta. Akasema, "Iliasi, tengeneza ule ufunguo wa kuchukua, umutumie Théophile, tuondoke mu chumba hiki. Baba nitamwambia mimi, siku programu itakapokuwa inaleta makuta ya kupangia nyumba."

"Akijua?"

"Atajua nini? Anadhani wingu liko juu ya muto Lualaba."

Basi Iliasi akaufanya. Kwake ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Akamtumia Théophile, wakakaa wakingoja, na rezo ya Salamabila ikarudi. Théophile akapiga simu akipiga kelele: "Imefunguka! Inachukua!" Mke na mume wakakumbatiana katikati ya uwanja, mchana, watu wanaona. Muda si mrefu rezo ya Kasongo nayo ikakatika mpaka kesho yake, kwa hiyo nyumbani hakuna simu iliyolia.

Hawakukumbuka kitu kimoja. Siku zile zote Iliasi aliyaita majaribio yale kushindwa, na jambo ambalo mtu ameliita kushindwa hulisahau haraka. Lakini yaliyoshindwa ni kutoka. Kuingia yote yalikuwa yameingia. Mahamudu mfanyabiashara mkubwa, Mahamudu mwenye magari, Mahamudu baba wa mayatima, wote walikuwa wamejipanga kwenye foleni kwa adabu, mmoja nyuma ya mwenzake, na sasa mlango ulikuwa wazi.

*

Watu wa Wamaza waliingia asubuhi kwa pikipiki za kukodi, matope mpaka magotini. Mbele alikuwa shangazi yake Mahamudu, kanga kiunoni, sauti imeshakauka. Aliingia analia, akapita barazani analia, akafika nyuma ya nyumba, akamkuta mpwa wake na povu la mswaki mdomoni. Hakuacha kulia. Kilio kikishashika njia hakina breki.

"Mahamudu wangu! Ametuacha!"

"Shangazi, ni mimi huyu."

"Weye nani?"

"Mahamudu!"

"Mahamudu amekufa. Nimeletewa mesaji mpaka telefone imejaa."

"Sasa mulishindwa kunipigia, kuuliza?"

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Nani anapigia maiti telefone?"

Hapo pikipiki ya gunia ikaingia, Mahamudu akauliza alichouliza, na mandazi ya Mado yakaenda chini.

Ndani ya muda mfupi uwanja ulijaa. Waliomgusa mkono, waligusa na kuufuta. Mzee mmoja wa upande wa mama yake, aliyekuja amevaa koti, alizunguka nyumba yote, akarudi amekasirika. "Magari yako wapi?"

"Magari gani, Babu?"

"Yameandikwa. Sisi tulisema tutarudi nayo, ndiyo maana tumewarudisha motari na pikipiki zao."

Kijana wa madrasa naye alitumwa kutoka msikitini. Shehe anauliza: waliotaka kuchimba kaburi wangoje ama waende shambani? Na kama hakufa, itangazwe? "Ila Shehe anasema, habari ya mutu ambaye hakufa, hana namna ya kuitangaza."

Subira alitaka wageni warudi na mchele wao. Shangazi akakataa. Chakula cha kilio hakirudi nyumbani. Kikirudi, kinaita kilio kingine. Kwa hiyo masufuria yakapandishwa, mbuzi aliyeletwa na watu wa Wamaza akachinjwa, na watu wakala matanga ya mtu aliye mbele yao. Walikula vizuri. Mwenyewe hakula. Alisogezewa sahani, akaisukuma. Nani anakula wali wa kilio chake? Alikaa kwenye kiti anasikia harufu, tumbo linanguruma, na kila aliyepita akamwambia pole.

Ndipo simu zikalia. Zililia zote pamoja, ya Shangazi, ya mzee wa koti, ya motari aliyeleta gunia, mpaka ya Subira kule jikoni. Watu wakafuta vidole, wakasoma. Mahamudu, mfanyabiashara mkubwa, mwenye magari, baba wa mayatima, ametutoka.

Shangazi akaweka sahani chini akaanza upya.

"Iliasi!" Mahamudu alinguruma. "Zima!"

"Niliondoa ule mustari, Baba. Uliniamuru."

"Nilikuamuru uniue?"

"Uliniamuru nisikufute."

"Na Théophile? Amechukua na ufunguo gani, kama ule wangu haufungui?"

Iliasi akatazama viatu vyake. Mwamvita akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ni mimi nilisema atengenezewe. Hasira yako nipe mimi."

"Mutoto wangu mwenyewe. Ameniua na bwana wake, nyumbani kwangu."

"Papa, kufa ulijiandikia weye. Sisi tulifungua tu mulango."

Mzee wa koti akacheka mpaka akakohoa. Mahamudu akataka kusema toka kwangu, lakini uwanja mzima ulikuwa unamwangalia, na aliyejua kuzima alikuwa Iliasi, yuleyule ambaye Mahamudu alitaka kumfukuza. "Zima kwanza," akasema. "Halafu tutaongea." Iliasi akaingia chumbani, akaufuta ufunguo wa kuchukua na ule wa kuweka, zote mbili. Foleni ikafungwa. Simu zikanyamaza. Lakini mesaji iliyosomwa, hakuna ufunguo unaoirudisha.

*

Alasiri akaingia motari kutoka Salamabila, kwa njia ileile iliyoharibika. Alipomwona Mahamudu alirudi nyuma hatua, kisha akakumbuka kwamba amelipwa.

"Baba, kule ni kilio. Mama Latifa ameingia eda tangu jana. Amevaa nyeupe, amezima telefone, yuko mu chumba na mutoto. Na kaka zake wamefunga depo. Wameweka kufuli yao juu ya ile yako."

Mahamudu alisimama. Sasa hakukuwa tena na mzaha. Depo ya Salamabila ikifa, ya Kasongo haimalizi hata msimu wa mvua. Hilo lilijulikana na kila mtu pale, mpaka Mado aliyekuwa amerudi kuangalia. Na mke akimaliza siku zake za eda, kaka zake wangemtafutia mchimbaji mwenye bahati, harusi ikapigwa, na Mahamudu angekuwa maiti kwa sheria ya watu, hata akitembea.

"Mupigie Théophile," alimwambia Iliasi. "Amupelekee Latifa telefone."

Siku ile, kwa bahati mbaya yake, rezo ilikuwa nzuri. Iliasi akaweka simu kwenye meza ndogo, sauti nje. Wote wakasogea. Wakasikia hatua za Théophile kwenye changarawe, wakasikia mlango, na hodi.

"Mama Latifa, ni Théophile. Niko nje, siingii. Mume wako yuko hapa, ku telefone. Hakufa."

"Mume wangu amekufa," sauti ya Latifa ilijibu, tulivu. "Si weye ulinitumia mesaji?"

"Ilikuwa makosa, Mama. Sikia mwenyewe."

"Latifa," alisema Mahamudu. "Ni mimi."

"Nani?"

"Mahamudu!"

"Baba, mimi niko eda. Siongei na wanaume wa njiani. Kama weye ni Mahamudu, umekufa. Kama si Mahamudu, nakujua wapi?"

Wanawake wa Wamaza wakafunika midomo na kanga.

"Ile mesaji ilikuwa uongo," alisema Mahamudu.

"Mwanzo nami nilidhani ni uongo. Halafu ikaja ile inayosema alipenda wake zake sawasawa. Hapo nikajua ni kweli. Hivyo wanasemwa maiti tu."

"Latifa, niko hai. Naapa wallahi."

"Kila mutu anaweza kuapa. Nitajua namna gani?" Nyuma yake sauti ndogo ya mtoto ilikuwa inalalamika. "Watu wengi wanapiga simu wanasema ni wao, wanataka mali. Sikia. Mahamudu wa kweli ana mutoto kwangu. Mimi nilituma habari mutoto amezaliwa. Nikangoja anitumie jina, kama baba wote. Sikuona mutu, sikuona jina. Nikamupa mwenyewe. Basi weye unayesema ni Mahamudu, mutoto wako anaitwa nani? Ukilisema, natoka eda leo. Kaka zangu watatoa kufuli yao mbele ya macho yangu."

Mahamudu akafikiri kama mfanyabiashara: mtoto wa kwanza wa mke yule, jina linalofaa ni la babu. Akakohoa, akasema kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye hakika:

"Kassimu!"

"Ni mutoto mwanamuke," alisema Latifa.

Mzee wa koti akageuza uso. Mwamvita akamshika Iliasi mkono, akaubana. Kule Salamabila Théophile alisikika anasema kwa upole, "Baba, Mama anangoja," na mtoto akalia kidogo, akanyamazishwa kwa neno ambalo simu haikulifikisha.

Mahamudu akafunika simu na kiganja. Akazungusha macho uwanja mzima, akamwona Subira kando ya masufuria. Sasa akakumbuka kwamba wanawake hutumiana vitu kwa motari bila waume kuulizwa. Na ni kweli, Subira ndiye aliyempelekea mzazi yule sabuni na kitambaa cha kumbebea mtoto, na Latifa alimrudishia salamu pamoja na jina la mtoto. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Subira," alinong'ona Mahamudu, na wote wakasikia. "Muke wangu. Unalijua. Niambie."

Subira alichota maji kwenye ndoo. Akayamimina ndani ya sufuria lililoungua, akapiga goti, akamgeuzia mgongo, akaanza kukwangua ukoko.